Beberu Aliyeshukia Biharamulo

Katika safari zote nilizopanda ndege na mbuzi, sijaona hata mbuzi mmoja akitapika. Mimi nimetapika. Daktari mmoja wa mifugo tuliyesafiri naye alitapika kwenye kofia yake mwenyewe, kisha akashuka Ngara kichwa wazi juani. Lakini mbuzi, hapana.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali mnaloniuliza zaidi, nyinyi vijana ninaokutana nanyi stendi ya Ngara. Mnanisalimu, "Shikamoo Bibi Mifugo," naitikia marahaba, halafu naona macho yenu yameanza kucheka kabla ya midomo. Eti ni kweli mbuzi walipanda ndege? Walikaa kwenye viti? Walifungwa mikanda?

Ni kweli, walipanda. Kwenye viti hawakukaa, maana viti vya nyuma tuliving'oa.

Jina langu ni Dafroza. Nimekuwa mtumishi wa mifugo wilaya hii mpaka nikastaafu, na muda mwingi nilikuwa Bukiriro. Mbuzi wetu wa kienyeji mnawajua: wana miguu ya chuma, hawaogopi kupe wala njaa, lakini maziwa yao hayatoshi hata kwa mtoto wao. Akina mama wa Bukiriro walipounda kikundi chao, walitaka mbuzi wa maziwa, na mbuzi hao walikuwa shamba moja upande wa Arusha. Swali likawa ni namna ya kuwafikisha.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Ntibona, alikuwa ameshajaribu lori. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezungumza na mbuzi Kihangaza na kuzungumza na wakubwa zake Kiswahili cha darasani. Aliniambia jinsi alivyokaa nyuma ya lori na wale wanyama siku baada ya siku, vumbi likiingia puani mwao na mwake, baridi ya alfajiri ikiwapiga wakiwa wamelowa jasho. Walifika wakiwa hai. Yeye alishangilia, wanakijiji wakashangilia. Kisha wakaanza kukohoa, na wakafa mmoja mmoja wakiwa tayari wamegawiwa kwa wenyewe na wamepewa majina. Akaniambia jambo ambalo nawaachia nanyi: safari haiishi siku mnyama anaposhuka. Inaishia pale anapoanza kucheua kwa utulivu kwenye banda lake jipya.

Ndiyo maana ndege ndogo ya watu wa misheni ilipoanza kuja Ngara mara kwa mara, Mzee Ntibona alikuwa wa kwanza kuuliza kama inaweza kubeba mbuzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda. Alisema Mungu angetaka Mhangaza aruke, asingempa vilima vingi hivi vya kupanda kwa miguu. Akanituma mimi.

Rubani wetu alikuwa mwanamke, Kapteni Nuru, mtu wa maneno machache aliyependa kupima uzito. Alipima mizigo, alipima mbuzi, na mimi akanipima mbele ya watu kwenye mizani ileile. Nilipomwambia kwamba huko kwetu mwanamke hapimwi hadharani, alinijibu kwamba mawinguni hakuna heshima ya uongo. Ndege yake haikuweza kubeba mbuzi wakubwa wa kutosha, ndiyo maana tukachukua watoto, wale walioanza kutafuna majani na kuachishwa ziwa. Mtoto wa mbuzi ni mwepesi, na tena anazoea upesi. Mbuzi mkubwa akihamishwa anakumbuka majani ya kwao. Mdogo anakula kilichopo.

Hofu kubwa ya Kapteni Nuru ilikuwa mkojo. Sikuelewa mpaka aliponieleza kwamba mkojo ukipenya chini ya sakafu hula chuma cha ndege polepole, kama kutu inavyokula bati la choo. Kwa hiyo tulitandika turubai, kingo zake tukazikunja kwenda juu kama ukuta wa beseni, na juu yake tukamwaga maranda kutoka kwa fundi seremala. Makreti ya mbuzi tuliyalaza kukingama, kutoka ubavu mmoja wa ndege hadi mwingine. Safari ya kwanza tuliyaweka kufuata urefu, na ndege ilipoinua pua, mbuzi wote waliteleza wakarundikana upande wa mkia, wa chini wakapiga kelele na wa juu wakashangaa.

Jambo lililonishughulisha akili zaidi lilikuwa masikio. Ndege ikipaa, mbuzi hulala chini wenyewe na kunyamaza. Ikianza kushuka, wanalia wote kwa pamoja na kutikisa vichwa. Kwa nini kushuka na si kupanda? Nilimuuliza Kapteni Nuru, naye akasema hata watoto wachanga wa watu hulia hapo hapo, kwa sababu hewa inabana masikioni, na mama huambiwa amnyonyeshe mtoto ili ameze mate na masikio yafunguke. Nikajiuliza: mbuzi naye si ana masikio? Safari iliyofuata nilibeba chupa zenye chuchu za mpira. Tulipoanza kushuka niliwapa baadhi yao na wengine nikawaacha. Waliokuwa wakinyonya walitulia. Wale wengine wakalia kama kawaida yao. Safari nyingine nikabadilisha, nikawapa wale wa upande wa pili, na ikawa vilevile. Sina cheti cha utafiti, lakini tangu hapo hakuna mbuzi aliyeshuka nami bila kunyonya kitu, hata kama ni kidole changu.

Watu wa Bukiriro nao walikuwa na utafiti wao. Walisema mbuzi aliyekuja kwa ndege akisikia ndege ikipita huinua kichwa na kutazama juu. Nilikaa machungani kutazama. Kweli, waliinua vichwa. Lakini waliinua vichwa hata mwewe alipopita, na wa kienyeji waliinua pia. Niliwaambia. Hawakufurahi.

Sasa niwasimulie safari ambayo sijawahi kuacha kuifikiria.

Kikundi cha Bukiriro kilikuwa kimesubiri zamu yao kwa muda mrefu. Mwenyekiti wao, Mama Leokadia, alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita mtu kilima cha pili. Walikuwa wamejenga mabanda ya mbao yaliyoinuliwa kutoka ardhini, wamepanda majani ya malisho kwenye kingo za migomba, na wanaume waliokuwa wakinywa pombe ya ndizi pale senta, penye maduka, walikuwa wakiwauliza kwa kicheko kila walipopita kama ndege imeshatua. Walitakiwa kupata majike kadhaa na beberu mmoja. Beberu ndiye aliyekuwa shabaha yote. Majike bila yeye wangezaa na mabeberu wa kienyeji, na baada ya vizazi viwili kikundi kingekuwa kimerudi pale kilipoanzia.

Nilipofika Arusha, beberu tuliyeandaliwa alikuwa ametoka vidonda mdomoni. Ugonjwa ule unaambukiza, sikuweza kumbeba. Mwenye shamba alinionyesha aliyebaki: kitoto kilichokuwa bado kinanyonya, masikio yake makubwa kuliko uso. Nilimpigia simu Mzee Ntibona, aliyekuwa ameshastaafu, nikamuuliza kama nimbebe au nirudi na majike peke yao. Aliniuliza kwanza kama ananyonya vizuri. Kisha akaniambia kwamba nikirudi bila beberu, ndege ile haitatengewa Bukiriro tena mwaka huo, pengine wala mwaka unaofuata. "Mbebe," akasema, "lakini ujue kwamba umekuwa mama yake."

Nikambeba. Nilikamuliwa maziwa ya mbuzi, nikayatia kwenye chupa ya chai ili yasipoe. Tulijaza mafuta Mwanza, tukavuka ghuba ya ziwa, na mambo yalikuwa mazuri mpaka tulipokaribia Ngara. Vilima vyote vilikuwa vimefunikwa na wingu zito, jeupe na nene kama ugali. Kapteni Nuru alizunguka, akazunguka tena. Ndege ikaanza kurushwarushwa. Chupa ya chai ikaniponyoka, ikagonga sakafu, nikasikia kioo cha ndani kikivunjika. Maziwa yote yakawa na vipande vya kioo. Kapteni akasema hatutui Ngara leo, akageuza ndege turudi nyuma tukatue Biharamulo.

Tulitua Biharamulo mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Watu waliacha mashamba yao wakaja kutazama ndege, na waliposikia sauti za mbuzi wakasogea zaidi. Nilitaka tuondoke kwa gari mara moja, lakini siku hizo magari ya kwenda kwetu yalipita msituni kwa msafara kwa kuhofia majambazi, askari wakiwa mbele, na msafara wa siku hiyo ulikuwa umeshaondoka. Ilibidi tulale.

Majike hawakunipa shida. Nililetewa majani wakaanza kula. Lakini kile kitoto kilikuwa kimenyamaza. Kumbukeni hili: mbuzi anayelia ana nguvu za kulia, anayenyamaza ndiye wa kukimbilia. Na ukitaka kujua kama mtoto wa mbuzi yuko hatarini, mtie kidole mdomoni. Ndani ya mdomo panatakiwa pawe pa moto. Nilimtia kidole, nikakuta pamepoa.

Walinipa maziwa ya ng'ombe, nikayapasha. Aliyanusa akageuza kichwa. Chuchu ya mpira nayo aliisukuma kwa ulimi. Nilimvua Kapteni Nuru koti lake, nikamfunika nalo mtoto na kumfunga tumboni kwangu kwa khanga ili apate joto, nikawa natembea naye chini ya bawa la ndege nikiwaza nitamwambia nini Mama Leokadia.

Ndipo akasogea mama mmoja, mtu mzima, jembe begani, mtandio umelowa mvua. Tulisalimiana. Jina lake Bi Mwajuma, nyumba yake haikuwa mbali na uwanja. Alimtazama mtoto, akasema kwamba yeye anaye mbuzi aliyezaa juzi na mtoto akafa, na tangu hapo mbuzi yule analia na kiwele kimejaa.

Tulikwenda kwake wote, mimi, yeye na Kapteni Nuru, ambaye aliwaacha watu walinde ndege. Mbuzi alikuwa wa kienyeji, mweusi, kamba shingoni. Alipomsikia mtoto akitikisika kwenye khanga aliita kwa sauti nene, nikapata matumaini. Tukamweka mtoto chini ya kiwele. Yule mbuzi akageuka, akamnusa mkiani kama wanavyonusa wote kumtambua wa kwao, akapiga chafya, akampiga kichwa mtoto akaanguka.

Tulijaribu tena, ikawa vilevile. Kila alipomnusa alipiga chafya. Tukatazamana. Mimi nikainama nikamnusa mwenyewe pale mkiani, na Bi Mwajuma akanusa, na Kapteni Nuru akainama mwisho. Yeye ndiye aliyejua. Mtoto alikuwa ananuka mafuta ya ndege. Maranda yalikuwa yamelala karibu na madumu ya mafuta.

Kazi ikaanza. Kapteni Nuru alimwosha kwa maji ya moto na sabuni, akamsuuza mara kadhaa, mikono ya rubani ikiwa imejaa povu. Bi Mwajuma akamkausha kwa majivu ya jikoni yaliyopoa. Mimi nilitaka kumkamua mbuzi, lakini hakunikubali, akarusha mateke. Kwa hiyo Bi Mwajuma akamkamua mwenyewe huku akimwambia maneno ya taratibu, na mimi nikachukua maziwa yale na kumpaka mtoto mkiani, mgongoni na kichwani, kama nilivyofundishwa chuoni kuhusu kondoo, nikiomba na mbuzi wawe wamesoma kitabu hichohicho.

Mtoto akawekwa chini tena. Hakuwa na nguvu za kusimama, nikamshikilia kwa viganja viwili. Mbuzi mweusi akageuza kichwa. Akanusa. Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, na hakupiga chafya. Akaanza kumlamba.

Tulisikia mtoto akimeza. Baadaye nilimtia kidole mdomoni, na pale ndani palikuwa pa moto.

Asubuhi Kapteni Nuru alisema wingu bado limefunika Ngara; msafara ulikuwa unaondoka, na mimi nilikuwa na shida mpya. Sikuweza kumwachisha mtoto ziwa alilolipata jana. Wala sikuwa na haki ya kuchukua mbuzi wa mtu. Nilimweleza Bi Mwajuma hali ya Bukiriro, akina mama wanaosubiri, mabanda, na wanaume wa pale senta. Alisikiliza akiwa anafagia. Nikamwomba aniazime mbuzi wake mpaka mtoto aweze kula majani.

"Mbuzi wangu haendi Ngara peke yake," akasema. "Hamjui mtu huko."

Nikadhani amekataa. Kumbe aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo na viatu vya kutokea. Watoto wake walikuwa wakubwa, mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, shamba aliliacha kwa dada yake. Alipanda kwenye gari na mbuzi wake, na alipoona nimeketi upande wa dirisha aliniomba tubadilishane, kwa sababu alitaka kuona huo msitu watu wanaousema kila siku. Aliutazama mpaka Benaco, wilayani kwetu.

Bukiriro walitupokea kwa vigelegele, kisha vigelegele vikapungua walipomwona beberu. Mama Leokadia alimnyanyua kwa mkono mmoja.

"Dafroza," akaniambia, "huyu ni beberu au ni paka?"

Bi Mwajuma akamjibu kwa niaba yangu kwamba paka hanyonyi mbuzi, basi ampe nafasi. Wakatazamana wale wajane wawili, mmoja Mkatoliki na rozari yake, mmoja Mwislamu na mtandio wake, na nikaona kwamba watapatana au watagombana, katikati hapatakuwepo. Walipatana. Bi Mwajuma alilala kwa Mama Leokadia wiki nyingi kuliko alizokusudia. Alifundisha watu kutibu chuchu zilizopasuka, akafundishwa kupanda majani ya malisho, na jioni walikuwa wakibishana kuhusu kila kitu, kuanzia namna ya kupika maharage mpaka nani amezaa watoto wakaidi zaidi. Beberu alipoanza kutafuna majani kwa bidii, Bi Mwajuma alifunga mfuko wake, akaondoka na mbuzi wake mweusi. Mbuzi yule aliita njia nzima mpaka sauti ikapotelea bondeni.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa baada ya hapo. Jike mmoja alikufa kwa kula majani ya mihogo michungu. Lakini beberu alikua, akawa mkubwa, mwenye ndevu na harufu ya kumtangulia barabarani. Watoto wake wakajaa Bukiriro, wenye masikio yale ya baba yao, na maziwa yakaonekana kwenye vikombe vya watoto. Pale senta siku hizi wanaume wanajadili mbuzi wa nani anakamuliwa zaidi, na hawakumbuki kwamba waliwahi kucheka.

Leo kazi yenyewe imebadilika. Mbegu za beberu huja zimegandishwa kwenye mtungi wa baridi kali, na mtaalamu anaweza kubeba ukoo mzima kwa pikipiki. Haukojoi, haulii ukishuka. Ni njia nzuri na nawahimiza mjifunze. Nina swali moja tu ambalo mtungi ule hauwezi kunijibu, nalo lilitokea hivi.

Mwaka mwingine Bi Mwajuma alirudi Bukiriro na mbuzi wake mweusi. Mbuzi alikuwa kwenye joto, na Bi Mwajuma alitaka apandwe na beberu wetu ili naye apate uzao wa maziwa. Hawakuwa na undugu wa damu, kwa hiyo sikuona ubaya. Mama Leokadia akamtoa beberu. Watu walikuwa wamejaa, maana beberu yule hakuwa na subira. Jike akiletwa ilibidi wanaume wawili wamshike beberu pembe.

Alitoka bandani kwa kishindo, akainua pua, akavuta harufu. Kisha akapunguza mwendo. Akamzunguka mbuzi mweusi, akamnusa mkiani, akasimama. Tukasubiri. Beberu yule mkubwa, baba wa nusu ya mbuzi wa kata, akapiga magoti ya mbele, akaingiza kichwa chini ya tumbo la yule mbuzi mdogo wa kienyeji kiasi cha kumwinua kidogo miguu ya nyuma, akashika chuchu kavu isiyokuwa na tone, akaanza kunyonya huku mkia ukitikisika.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshika kidevu, nikijiuliza ni nini mbuzi anakumbuka, na anakikumbukia wapi. Nimesoma vitabu vya mifugo, nimeuliza madaktari, kila mmoja ana jibu lake. Mkipata jibu nyinyi, njooni mnieleze.

Mama Leokadia alitaka beberu avutwe aletwe tena upya. Bi Mwajuma akamzuia kwa mkono.

"Mwache anyonye," akasema.

Na mbuzi mweusi alisimama kimya, miguu ameitanua ili asianguke, amegeuza shingo, anamlamba mgongoni.